Ngozi Iliyobaki: Maswali Ninayoulizwa Kuhusu Maisha Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Nilipunguzwa mfuko wa chakula miaka sita iliyopita, nikapungua kilo 61. Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji nilielezwa kwa kirefu habari za kunywa maji kwa vifundo vidogo, za vitamini nitakazomeza maisha yangu yote, na za kutapika. Habari ya ngozi nilipewa kwa sentensi moja, mlangoni, nikiwa nimeshavaa viatu. Siku nilipoielewa sentensi ile ilikuwa mwezi wa nane baada ya upasuaji. Nilikuwa nimelala ubavu, na tumbo langu limejilaza godoroni mbele yangu kama mtoto aliyehamia kitandani usiku. Nikalisukuma. Likarudi.

Tangu hapo wenzangu waliopitia njia hii wamekuwa wakiniuliza mambo yaleyale, mengine kwa sauti ya chini. Mimi si daktari. Ninayoyaeleza hapa nimeyapata kwa madaktari na wauguzi walionihudumia, na kwa kuishi na ngozi yenyewe kutwa kucha.

Kwa nini ngozi haikurudi ilivyokuwa?

Ngozi inashikiliwa na nyuzi za aina mbili: kolajeni, inayoipa uimara, na elastini, inayoirudisha mahali pake ikivutwa. Ukibeba mafuta mengi kwa miaka mingi, ngozi haitanuki tu. Inaongezeka hasa, eneo lake linakuwa kubwa, na zile nyuzi zinakatika na kupangika ovyo. Michirizi ya tumboni na mapajani ni alama za mahali zilipokatikia. Mafuta yakishaondoka, ngozi ile kubwa inabaki bila cha kuijaza na bila nguvu ya kujikunja. Ni kama lastiki ya chupi iliyovaliwa miaka kumi: ikishalegea, hata uifue vipi haikazi.

Kwa hiyo hukukosea kitu. Wapo wanaojilaumu kwamba walipungua haraka mno, kwamba wangekwenda polepole ngozi ingefuata. Mambo yenye uzito zaidi ni kilo ulizopungua, miaka uliyokaa nazo, umri wako na ngozi uliyorithi kwa wazazi.

Nikisubiri, haitakaza yenyewe?

Itakaza kidogo. Sehemu kubwa ya uzito huondoka ndani ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na wakati huo ngozi nayo huwa inajivuta taratibu. Uzito ukitulia, ipe miezi michache tena. Baada ya hapo unachokiona kwenye kioo ndicho utakachokaa nacho, isipokuwa uingie kwenye upasuaji wa ngozi.

Kijana aliyepungua kilo 30 anaweza kubaki na ulegevu kidogo tu. Mtu wa miaka 50 aliyepungua kilo 70, akazaa mara tatu na kuvuta sigara, asitarajie hivyo. Jua kali la miaka mingi nalo linamaliza elastini, ndiyo maana mikono na shingo mara nyingi huonyesha mapema.

Vipi krimu za kukaza, vidonge vya kolajeni, kunywa maji mengi?

Krimu inalainisha sehemu ya juu ya ngozi. Tatizo liko chini zaidi. Ngozi iliyolainishwa vizuri inapendeza na haichubuki ovyo, kwa hiyo paka mafuta yoyote unayoyapenda, lakini usilipie ahadi. Kolajeni ya kumeza huvunjwavunjwa tumboni kama protini nyingine yoyote, haiendi moja kwa moja kwenye mkunjo wako. Maji kunywa, kwa sababu ya figo na choo.

Zipo mashine zinazopasha ngozi joto kwa mawimbi ya redio. Kwa ulegevu mdogo, tuseme wa chini ya kidevu, zinaweza kusaidia kiasi. Kwa tumbo linaloning'inia ni danganya toto, na mtaalamu mwaminifu atakwambia hivyo kabla hujatoa pochi.

Na mazoezi?

Mazoezi ya kunyanyua uzito hayakazi ngozi, ila yanajaza msuli chini yake. Mabega, mapaja na makalio yanapata umbo, na ngozi inapata kitu cha kukalia. Mimi nilianza na chupa za maji. Mikono haikuacha kutikisika, lakini mabega yalirudi kuwa mabega. Pia ukipungua haraka mwili unakula msuli pamoja na mafuta, kwa hiyo kunyanyua vitu vizito kuna faida hata kama ngozi isingekuwepo kwenye hesabu.

Nitajuaje kama hii ni ngozi au bado ni mafuta?

Ibane kwa vidole viwili. Ngozi tupu ni nyembamba, inakunjika kama kitambaa na ina mikunjo midogo juu yake. Yenye mafuta inajaa vidoleni. Wengi wetu tuna vyote viwili, na hakuna ubaya.

Swali pacha la hili ni ngozi ina kilo ngapi. Watu hutarajia kilo 15, wakishakatwa wanavunjika moyo. Kwa kawaida ni kilo chache. Yangu ya tumbo ilikuwa kilo tatu na kitu. Wepesi niliousikia ulikuwa wa zaidi ya hapo, kwa sababu kilo tatu zinazoning'inia mbele na kubembea kila hatua haziwi sawa na kilo tatu zilizotawanyika mwilini.

Chini ya tumbo kunawasha, kuna michubuko, na kuna harufu. Nifanyeje?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa kunong'ona, nami nitalijibu kwa kirefu kuliko yote.

Ngozi mbili zinazogusana saa zote hutengeneza joto, jasho na msuguano. Jasho halina pa kukaukia. Ngozi inalowa, inakuwa laini kama vidole vilivyokaa majini, halafu inachubuka. Hapo fangasi na bakteria wanaoishi mwilini siku zote wanapata makao. Harufu ni kazi yao. Haina uhusiano na uchafu wako. Unaweza kuoga mara tatu kwa siku ukawa nayo, na pengine zile kuoga mara tatu kwa sabuni kali ndizo zinazokuchubua.

Utaratibu wangu wa asubuhi huu hapa. Naosha mkunjo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kwa kiganja, bila dodoki. Nasuuza sana, maana sabuni iliyobaki inawasha. Nafuta kwa taulo laini kwa kugusagusa, sisugui. Halafu nanyanyua ngozi kwa mkono mmoja na kupuliza kwa mashine ya kukaushia nywele, ikiwa kwenye hewa ya baridi, huku nikihesabu hadi mia. Usitumie hewa ya moto: sehemu hizo zinaweza kuwa na ganzi, utaungua usijue. Mwisho natandika kipande cha pamba safi ndani ya mkunjo, ncha zake zikichungulia nje kidogo ili unyevu upate njia ya kutoka. Kikilowa, nakibadilisha. Mkobani sikosi vitatu vya akiba, vimekunjwa kama leso.

Ngozi ikiwa nzima na kavu, tandaza juu yake krimu ya zinki oksaidi au mafuta mazito ya mgando, nyembamba tu, ili kupunguza msuguano. Usizipake juu ya ngozi iliyolowa, utakuwa umefungia maji ndani. Poda nazo ziangalie. Zikikutana na jasho zinaganda vijibonge vinavyokwaruza.

Pakishawaka, angalia kwa kioo cha mkononi. Fangasi aina ya kandida hutoa eneo lililoiva lenye vipele vidogo vilivyotapakaa pembeni yake, kama visiwa kando ya bara. Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani hivyo: patakuwa peusi zaidi, au pa zambarau, pakimetameta, na ukigusa kuna joto. Dawa za kupaka kama klotrimazoli, mikonazoli au nistatini hutibu. Endelea nazo kwa siku zote ulizoambiwa hata kama muwasho umekwisha siku ya nne, la sivyo fangasi watarudi.

Tahadhari mbili. Ya kwanza ni krimu za mchanganyiko zenye steroidi. Zinatuliza muwasho siku hiyohiyo, ndiyo maana watu wanazipenda, lakini zikitumiwa muda mrefu mkunjoni zinapunguza unene wa ngozi, zinaongeza michirizi na kuwaficha fangasi wasionekane. Usijipangie mwenyewe. Ya pili ni baka la kahawia lisilowasha sana na lisilosikia dawa ya fangasi. Huenda ni maambukizi ya bakteria yanayoitwa eritrasma. Daktari wa ngozi hulimulika kwa taa maalumu, nalo likang'aa rangi ya waridi, kisha anakupa dawa ya bakteria. Mwenzetu mmoja alipaka krimu ya fangasi mwaka mzima juu ya baka la namna hiyo.

Upele ukirudi kila mwezi, omba upimwe sukari. Na usisahau kitovu: kikizama ndani kinakuwa kisima kidogo, nacho kinataka kukaushwa kwa pamba.

Lini niache kujitibu nyumbani?

Ukiona homa, usaha, kidonda kisichofunga, maumivu yanayopanda siku hadi siku, au eneo gumu lenye joto linalotambaa kupita mipaka ya jana. Chora mpaka wake kwa kalamu ya wino, baada ya saa chache uangalie. Likivuka mstari, nenda siku hiyohiyo. Maambukizi ya namna hiyo chini ya ngozi hayangoji miadi ya wiki ijayo.

Nivae nini?

Chupi ya kiuno kirefu inayokusanya tumbo lote na kulinyanyua. Chupi ya kiuno kifupi inaliacha linaning'inia juu yake, na ukingo wake unakata kinena. Chini ya sketi au suruali, kaptura nyepesi ya kubana inayofika karibu na goti itakuokoa na mapaja kusuguana.

Nguo za kubana ninazipenda kwa saa chache: safari, sherehe, mazoezi. Ila zisiache mfereji kwenye ngozi wala kukubana pumzi, na usilale nazo kila siku, kwa sababu chini yake jasho linaendelea na shughuli zake. Nunua saizi yako ya leo. Wengi tunanunua ndogo ili "itukaze zaidi", matokeo yake nyama inatokea juu na chini ya nguo.

Wanaume hulizungumzia hili kidogo, lakini kifua kilicholegea kinaweza kuwasumbua kuliko tumbo. Fulana ya ndani inayobana kiasi inasaidia, na inazuia chuchu kuchubuka wakati wa kukimbia.

Nikikimbia inapiga makofi. Ni kawaida?

Kawaida kabisa. Mara ya kwanza nilisimama nikageuka nyuma, nikidhani kuna mtu anakuja. Ni tumbo langu lilikuwa linapiga mapaja. Lifunge vizuri kwa nguo ya kubana kabla ya kukimbia; baiskeli na kuogelea vina usumbufu mdogo zaidi. Ukimaliza badilisha nguo mara moja, usikae na jasho ukipiga soga.

Chumbani je?

Sema mapema, taa ikiwa bado inawaka. Nimesikia wengi waliokaa miezi wakivaa fulana kitandani, mwenza naye akidhani amechukiwa. Ya kiufundi ni rahisi: mkao ambao ngozi haiko katikati yenu, mto chini ya kiuno, mkanda laini ukipenda. Ya moyoni ndiyo yanachukua muda. Mwenzangu aliniambia kwamba ngozi ile haimsumbui, kinachomsumbua ni mimi kuzima taa. Sikumwamini mwezi mzima.

Mbona nimepungua lakini bado najiona mnene?

Kwa sababu ubongo unachelewa. Miaka mingi umepita mlangoni kwa ubavu. Miguu itaendelea kugeuka hata mlango ukiwa mpana. Ngozi nayo inadanganya, maana ukiishika unashika kitu, na mkono unasema "bado". Kuna pia huzuni isiyotarajiwa: uliuza subira yako kwa picha ya mwili fulani, mwili uliokuja ni mwingine. Afya imepanda, magoti hayaumi, sukari imeshuka, na bado unalia bafuni. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja. Ukiona huli, unajificha, umeacha kwenda kazini au unafikiria kujidhuru, hapo tafuta mtaalamu wa afya ya akili haraka. Kliniki nyingi za upunguzaji uzito zina mwanasaikolojia, na wagonjwa wengi hawamwoni tena baada ya ile barua ya kuruhusiwa kukatwa.

Niko tayari lini kwa upasuaji wa ngozi?

Kipimo cha kwanza ni muda. Madaktari wengi wanataka miezi 12 hadi 18 tangu upasuaji wa kupunguza uzito, na uzito uwe haupandi wala haushuki kwa miezi 3 hadi 6. Ukikatwa kabla, kilo zitakazoendelea kuondoka zitalegeza tena kile kilichokazwa. BMI, yaani kipimo cha uzito wako ukilinganishwa na urefu wako, nayo inaangaliwa, kwa sababu mafuta yakiwa mengi chini ya ngozi kidonda hupata matatizo zaidi. Wengi hupendelea iwe chini ya 30 au karibu yake, ingawa hulegeza kamba pale ngozi inapoleta maradhi.

Kipimo cha pili ni damu. Sisi tuliokatwa tumbo tunakosa vitu kimyakimya: madini ya chuma, vitamini B12, foleti, vitamini D, zinki, protini. Kidonda kinajengwa kwa protini, na mshono wa kuzunguka mwili mzima unaitaka kwa wingi. Lengo la kawaida baada ya upasuaji wa kupunguza uzito ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Kabla ya upasuaji wa ngozi mtaalamu wako wa lishe anaweza kukupandishia. Mimi nilirudishwa nyumbani mara ya kwanza kwa sababu ya upungufu wa damu. Nilikasirika. Miezi mitatu ya dawa za chuma baadaye nikaelewa kwamba yule daktari alinipenda kuliko nilivyojipenda.

Cha tatu ni nikotini. Inabana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyoinuliwa na kuvutwa inaishi kwa mishipa hiyohiyo. Acha angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Sigara za umeme zinahesabika. Ukidanganya, ngozi yenyewe itasema, kwa kuoza ukingoni mwa mshono.

Kuna aina gani za upasuaji?

Inayofanywa kwa sababu za kiafya zaidi ni panikulektomi: kukata lile pazia la ngozi linaloning'inia chini ya kitovu, basi. Misuli haiguswi. Abdominoplasti inakwenda mbali zaidi. Misuli ya mbele iliyoachana, kwa mfano baada ya mimba, inashonwa pamoja, na kitovu kinawekwa mahali papya. Watu huzichanganya hizi mbili, kisha hulalamika kwamba tumbo "halijanyooka" ilhali walifanyiwa ya kwanza. Uliza kwa jina kabla ya kusaini.

Ngozi ikiwa imelegea hadi mgongoni na makalioni, kuna upasuaji wa kuzunguka kiuno chote kama mkanda. Wengine tumbo lao lina ziada kulia na kushoto pia, hao huongezewa mkato wa wima katikati. Mikono inafanyiwa brakioplasti, mkato ukitoka kwapani hadi karibu na kiwiko. Mapaja yanakatwa kinenani, mara nyingi mstari ukishuka ndani ya paja hadi karibu na goti. Ni eneo lenye unyevu na mwendo mwingi, nalo hupona kwa usumbufu. Matiti yananyanyuliwa. Uso na shingo hufanyiwa na wachache.

Havifanywi vyote siku moja. Saa nyingi chini ya nusu kaputi zinaongeza hatari, kwa hiyo hupangwa awamu, kwa kawaida zikiachana miezi 3 au zaidi. Anza na kinachokusumbua zaidi, si kinachoonekana zaidi.

Makovu yanakuwaje?

Marefu. Hii ndiyo biashara yenyewe: unatoa ngozi, unapokea kovu. La tumbo hutoka nyonga hadi nyonga na linajificha ndani ya chupi. La mkono halijifichi. Kovu hukomaa kwa miezi 12 hadi 18. Mwanzo linakuwa gumu, limeinuka, lina rangi kali, kisha linalala. Bandeji za silikoni na kulikinga na jua husaidia. Ikiwa una keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita mipaka ya kidonda, mahali popote, au ndugu zako wanazo, mwambie daktari kabla. Watu wenye ngozi nyeusi hupata keloidi zaidi, na kuna njia za kujiandaa, kama sindano za steroidi ndani ya kovu likianza kuinuka.

Hatari zake?

Zinazotokea mara nyingi si za kutisha bali za kuchosha: majimaji kukusanyika chini ya ngozi, kipande cha mshono kuachia, maambukizi, damu kuvilia, ganzi. Ganzi ya chini ya kitovu inaweza kubaki miezi mingi au moja kwa moja, ndiyo maana chupa ya maji ya moto tumboni ni marufuku. Inayotisha ni damu kuganda mguuni na kusafiri hadi mapafuni. Ndiyo sababu utaamshwa utembee siku hiyohiyo hata ukiwatukana wauguzi, na huenda ukapewa sindano za kuzuia damu kuganda. Muundi ukivimba upande mmoja na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, nenda hospitali usiku huohuo.

Jambo moja tunalolisahau: aliyefanyiwa baipasi ya tumbo, yaani upasuaji wa kupunguza uzito unaounganisha utumbo na mfuko mdogo wa chakula, anatakiwa kukwepa dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki, kwa sababu zinaweza kuleta vidonda pale utumbo uliposhonwa. Daktari wa upasuaji wa ngozi anaweza asikumbuke, ila wewe kumbuka, mkumbushe yeye na yule wa dawa za usingizi.

Wiki za kwanza zikoje?

Asubuhi ya upasuaji utasimama uchi mbele ya daktari akikuchora kwa kalamu, kwa sababu ngozi huonyesha ulegevu wake mtu akiwa wima. Utaamka na mipira myembamba inayotoka ubavuni, kila mmoja na chupa yake ya kukusanyia majimaji. Utayapima na kuandika. Mingi huondolewa majimaji yakishuka chini ya mililita 30 hivi kwa saa 24. Niliibana yangu kwa pini ya mtoto kwenye gauni la kulalia, maana ikinasa kwenye kitasa cha mlango utajua jina la kila mtakatifu.

Baada ya upasuaji wa ngozi ya tumbo utatembea umeinama wiki ya kwanza, pengine mbili, ili mshono usivutwe. Lala chali, mito chini ya magoti na mgongoni. Panga vitu vyako urefu wa kiuno kabla hujaenda hospitali: sufuria, simu, dawa. Hakuna kunyanyua kizito kwa wiki 6 hivi, na mtoto anayetaka kubebwa ni kizito. Nguo ya kubana utaivaa karibu muda wote kwa wiki kadhaa. Uvimbe huchukua miezi, kwa hiyo usijihukumu kwa picha ya wiki ya tatu.

Bima italipa?

Inategemea kama ngozi inaonekana kuwa ugonjwa au urembo. Mikono na mapaja hukataliwa mara nyingi. Tumbo lina nafasi zaidi, ukiwa na ushahidi. Kila upele ukitokea, nenda uandikwe kwenye faili, hata kama unajua dawa yake. Piga picha zenye tarehe, ukiwa umesimama na ukiwa umenyanyua mkunjo. Hifadhi risiti. Muombe daktari aandike daraja la tumbo lako: la 1 linafunika nywele za kinena, la 2 linafunika sehemu za siri, la 3 linafika sehemu ya juu ya mapaja, la 4 katikati ya mapaja, la 5 magotini au chini zaidi. Mtu wa bima hakuoni ukijikausha asubuhi, anaona karatasi tu.

Nataka kuzaa. Nikate kwanza?

Kwa kawaida zaa kwanza. Mimba yenyewe inashauriwa isubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji wa kupunguza uzito, uzito na damu vitulie. Mimba baada ya abdominoplasti inawezekana, ila itaweza kulegeza kilichokazwa, na kulipia kazi moja mara mbili kunauma.

Mbona wewe mikono hukuikata?

Nilikwenda mpaka kwa daktari. Akanishikisha kioo, akachora mstari wa kalamu toka kwapani hadi kiwikoni, akaniambia nikae nao siku mbili nione kama nitaupenda kuliko ngozi. Wakati wa joto mimi huvaa nguo zisizo na mikono. Mkono hauniwashi, hauchubuki, haunuki. Tumbo lilifanya yote matatu. Nikaufuta mstari kwa sabuni. Sasa nikimpungia mtu mkono, tunapunga wawili. Mpwa wangu wa miaka minne huikamata ngozi ya chini, akaivuta, akaiachia, akaangalia inavyotikisika mpaka itulie, halafu anasema: "Tena, shangazi."